Wauza mishumaa, tuache kuficha mashimo

Wacha niseme hii kitu leo kabla nibadilishe mawazo. Zile video zangu za mishumaa yenye uso laini kama maziwa kwenye kikombe, zile mnazipenda na kutumiana, ziko na sehemu nilikata. Ile mishumaa kumi na miwili mliyoona mwezi wa saba, hakuna hata mmoja uliotoka sawa mara ya kwanza. Hata mmoja.

Ilikuwa oda ya ruracio. Nilimimina usiku, nikaipanga chini ya dirisha la bedsita yangu, nikalala. Na mnajua baridi ya Nairobi ya Julai. Asubuhi kila mshumaa ulikuwa na shimo kando ya utambi, na mingine imepasuka juu kama matope yaliyokauka barabarani. Nilikaa kitandani nikiwa karibu kulia, kwa sababu nta nilikuwa nimenunua na depo ya mteja, na hiyo depo ilikuwa imeisha. Nikaenda kwa jirani ambaye ana saluni, nikaazima draya, nikayeyusha nyuso moja baada ya nyingine. Palipozama nikaongeza nta. Nikangoja. Ikakubali.

Hapo ndipo nikawasha taa, nikatoa simu na kuanza kurekodi. Nyinyi mkaona uso laini tu, mkaandika ati mkono wangu una baraka. Nami nikanyamaza, nikala hizo sifa.

Kilichonifanya niandike leo ni ujumbe wa binti mmoja kutoka pande za Eldoret. Mamake alikopa kwa chama akampa pesa za kuanza, akanunua nta kilo tano. Alinitumia picha: mashimo, nyufa, madoa meupe. Alikuwa ameyeyusha nta ileile mara tatu akijaribu kupata uso kama wangu, mpaka harufu ikaisha. Kisha akauliza, "Nakosea wapi? Ama mimi sina mkono wa hii kazi?"

Wasee, hakuwa anakosea. Alikuwa anapata kile sisi wote tunapata. Tofauti ni kwamba mimi nilificha changu.

Basi wacha nilipe deni. Nta ikiwa moto inachukua nafasi kubwa, ikipoa inajikunja. Haipoi yote pamoja. Inayogusa glasi inashika kwanza, na juu pia panashika kwa sababu ya hewa. Katikati, karibu na utambi, ndipo panapoa mwisho. Sasa hiyo ya katikati ikianza kujikunja wakati pembeni kumeshashika, inavuta uso kwenda chini. Hilo ndilo shimo. Wakati mwingine uso unaonekana mzima, kumbe chini kuna uwazi, unagundua ukiuwasha. Parafini ndiyo inajikunja sana. Ya soya inazama kidogo, lakini inapenda kutoka na uso wa mawimbi na yale madoa meupe kama ukungu. Hayo madoa ni nta inajipanga tu inapoganda. Haijaharibika.

Kwa hivyo dawa si unga wa siri, ule mnauziwa kwenye madarasa ya mtandaoni. Ni joto na subira.

Nunua thamometa kabla hujanunua glasi za kupendeza. Nta yeyusha ndani ya jagi lililokaa kwenye sufuria ya maji, usiweke moja kwa moja kwa moto, na usiiache ukaenda kuangalia simu. Ya soya mimi naifikisha kama nyuzi 80 hivi, naepua, naweka manukato. Manukato pima kwa mizani, gramu 6 hadi 10 kwa kila gramu 100 za nta, kisha koroga polepole dakika mbili. Ukikoroga kama unapiga mayai, unaingiza hewa, na hiyo hewa itatoka juu kama vipele. Halafu ngoja. Soya nyingi za glasi hupenda kumiminwa zikiwa kwenye nyuzi 55 hadi 60, lakini soma paketi yako kwa sababu nta hazifanani. Mimina polepole, mkono ukiwa karibu na glasi.

Glasi ziwe kavu kabisa na zisiwe baridi. Mimi huziweka karibu na jiko kabla ya kumimina. Ziachanishe, usizibananishe kama abiria wa matatu, ndio joto liende sawa. Toa mbali na dirisha, funika na katoni, na uache mpaka kesho. Friji usahau. Mtu wa Mombasa hatakuwa na shida ya baridi kama mimi, lakini feni yake ikipuliza juu ya glasi, uso utaharibika vilevile.

Sasa ile sehemu hatuonyeshangi. Usimimine nta yote. Bakisha kidogo. Kama ni parafini, juu pakishashika vizuri, chukua kijiti, toboa matundu mawili matatu kando ya utambi mpaka ufikie ule uwazi wa chini. Yeyusha ile nta uliyobakisha, iwe moto kuliko ya kwanza kidogo, ujaze. Usipite mstari wa kwanza, itaingia pembeni kati ya nta na glasi na kuacha alama. Kama shida ni mikunjo ya juu tu, pitisha draya ama ile mashine ya hewa moto ya mafundi, uyeyushe milimita chache, uache ijisawazishe. Kumimina mara ya pili si kurekebisha makosa. Ni hatua ya kazi, kama vile mwashi hupiga plasta baada ya kujenga ukuta. Hakuna mtu humwambia mwashi ati ukuta wake ulikuwa umefeli.

Najua kuna wenzangu watakasirika. Watasema hiyo ni kuanika jikoni la watu, na kwamba mteja analipia urembo, si hadithi. Watauliza, kwani mpishi wa hoteli huonyesha sufuria iliyoungua? Nawaelewa, kwa sababu mimi pia natafuta kodi. Na kwa mteja, sina neno: mpe mshumaa safi, hana haja ya kujua ulilia saa ngapi. Lakini sisi hatuuzi mishumaa tu. Tunaandika "jinsi ya kutengeneza nyumbani, rahisi sana." Ukishaandika hivyo, wewe ni mwalimu, na mwalimu akificha hatua moja makusudi, mwanafunzi anajilaumu mwenyewe. Yule binti hakusema video yangu ina shida. Alisema mkono wake ndio mbaya.

Na hilo naliongea nikilijua. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kilichoniumiza zaidi hakikuwa karo. Ni kufungua simu usiku na kuona kila mtu wa darasa letu anaendelea fiti, picha moja baada ya nyingine. Nilidhani ni mimi pekee nimekwama. Baadaye ndio nikajua wengine watatu walikuwa wameacha pia, wanaposti picha za zamani. Tungeongea, labda tungelala vizuri.

Kitu kingine. Hii kiu ya uso laini imetusahaulisha mshumaa ni wa kazi gani. Mwaka jana nilimpelekea mamangu mshumaa wangu mzuri zaidi, uso kama kioo. Stima ikapotea, akauwasha. Baada ya muda mfupi nta ikajaa kuzunguka utambi, moto ukawa mdogo, ukazimika. Nilikuwa nimeweka utambi mwembamba kwa glasi pana. Mama akatafuta ule mshumaa mweupe wa duka, akawasha, akaniambia tu, "Wako ni mrembo. Huu unawaka." Akaendelea kuchambua mboga zake.

Sijasahau. Siku hizi kila nikitengeneza, mmoja simuuzii mtu. Nauwasha mwenyewe. Naangalia kama nta inayeyuka mpaka pembeni ya glasi bila moshi na bila glasi kuwa moto wa kutisha. Utambi nakata ubaki milimita 5 hivi. Na kama ni soya, naipa wiki moja ama mbili ikae kabla ya kuuza, harufu ishike. Uso laini naufanya mwisho, baada ya kujua unawaka.

Na hii si akili yangu mpya. Kulikuwa na Mwingereza anaitwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi. Shule hakuisoma sana, na akiwa na miaka 14 alikuwa ashaanza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Akaja kuwa mwanasayansi mkubwa. Krismasi ya 1860, London, aliwafundisha vijana mihadhara sita kuhusu mshumaa peke yake, na 1861 ikatoka kitabu. Mle ndani anaeleza kwamba mshumaa mzuri unajitengenezea kikombe cha nta iliyoyeyuka hapo juu, kwa sababu hewa inayopanda inapoza kingo zake. Ile mishumaa ya kurembwa kwa mifereji ubavuni, anasema, inachuruzika kwa sababu kikombe hakikai sawa. Yaani huyo mtu wa kufunga vitabu aliona mapema kwamba inayopendeza macho si lazima iwe ndiyo inawaka vizuri. Na ukiwasha mshumaa, ule uso uliousumbukia usiku kucha ndio unayeyuka wa kwanza.

Kwa hivyo mimi nimeamua hivi. Kuanzia video ijayo mtaona shimo, mtaona draya, mtaona ile nta ya pili. Watazamaji wakipungua, sawa. Yule binti nimemjibu usiku wa jana, nikamtumia ile picha ya asubuhi ya ruracio ambayo sikuwahi kuposti, mashimo yote kumi na mawili. Alinyamaza kidogo. Kisha akaandika, "Kumbe hata wewe?"

Hata mimi. Na wewe unayeuza mishumaa na unasoma hii, hata wewe. Una ile picha kwa simu yako, ya asubuhi mbaya. Iposti leo.