Risasi Inaua Hata Kabla ya Kuingia Kwa Bunduki

Leo nataka tuongelee kitu ambacho ukikiangalia haraka utasema hakituhusu kabisa. Nipe dakika tano tu.

Kuna hizi video za wazee wa Marekani na Uingereza wanaotengeneza risasi nyumbani. Si risasi za bastola za sinema. Ni za bunduki za kale, zile za miaka ya 1800 ambazo viwanda vingi viliacha kuzitengenezea risasi kitambo sana. Mzee anakaa kwa karakana yake, anayeyusha metali kwa sufuria ndogo mpaka inang'aa kama kioo, anaimimina kwa kalibu, anagonga kidogo, risasi inaanguka ikimeta. Hakuna kelele, hakuna muziki. Manze, zinatuliza roho. Ukianza moja utajikuta umemaliza nne.

Na si ati hao wazee ni wazimu. Chukua bunduki ya Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliianza mwaka wa 1871. Risasi yake ina uzito wa kama gramu 31, karibu mara nne ya risasi ya kawaida ya bastola ya siku hizi. Mitutu ya zamani haikulingana sawasawa, kwa hivyo inahitaji metali laini inayotanuka na kujaza mtutu ikisukumwa na baruti. Huwezi kuingia dukani tu ukaomba hiyo. Mwenye bunduki ama anajitengenezea, ama anaitundika ukutani kama pambo. Kwa mpenda historia, hiyo ya kwanza ina maana. Na hiyo historia hata sisi tumo: bunduki za aina hiyo zilibebwa na askari wa mkoloni hapa Afrika Mashariki.

Sasa wengi wakiona hizo video, mjadala unaruka moja kwa moja kwa bunduki. Je, ni halali? Je, ni hatari? Kwa Kenya jibu ni fupi: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kutengeneza risasi nyumbani bila leseni, hata kama babu yako alikuachia bunduki ya mwaka wa 47. Ukijaribu, utaenda kumweleza hakimu mambo ya historia. Hiyo imeisha.

Lakini mimi nasema tunaangalia mahali pasipofaa. Kitu cha kuogopa kwa hizo video si bunduki. Ni ile sufuria.

Kiswahili chenyewe kilituambia mapema. Ile metali inaitwa risasi, na kile kinachotoka kwa mtutu pia kinaitwa risasi. Neno moja. Mwingereza ana maneno mawili, anaweza kusahau kwamba ni kitu kimoja. Sisi hatuna hiyo bahati ya kusahau, na bado tumesahau.

Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327. Hiyo ni chini sana kwa metali. Jiko la makaa la kawaida linafika hapo bila kutoa jasho, na ndiyo sababu binadamu wamekuwa wakiichezea kwa maelfu ya miaka. Ukiiyeyusha, juu kunabaki takataka za kijivu kama vumbi. Vumbi hilo linashika mikono, nguo, meza, kiatu. Ukila chapati na hiyo mikono, umekula risasi. Ukimbeba mtoto na hiyo shati, naye amepata yake. Joto likizidi, kuna mvuke pia, na huo unauvuta bila kusikia chochote. Haikohozeshi kama moshi wa taka, kwa hivyo hutashtuka.

Ndani ya mwili, risasi inajifanya kalisiamu. Mwili unadanganyika unaiweka kwa mifupa, na huko inaweza kukaa miaka na miaka. Mama akishika mimba, mwili ukichota kalisiamu kwa mifupa, risasi inatoka nayo inamfuata mtoto. Kwa mtoto mdogo inaenda kwa ubongo: kusoma kunakuwa kugumu, umakini unapotea, hasira zinakuwa nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kuna dawa za kuitoa kwa damu ikizidi, lakini ubongo ulioharibika dawa hizo haziurudishi.

Mtu ataniambia, "Lakini hao wazee wa video wako sawa, mbona hawafi?" Swali zuri. Wale makini wanajua wanachofanya. Wanafanyia nje au mahali penye hewa, wana sufuria ambayo haijawahi kuona chakula, wananawa, wanabadilisha nguo, na wengine wanaenda kupimwa damu. Ni mtu mzima aliyechagua hatari yake mwenyewe na ana hospitali ya kumwangalia. Na hata huko kwao wameanza kuifinyia nafasi hii metali: tangu Julai 2019, California imepiga marufuku risasi za madini haya kwa uwindaji wote, kwa sababu ndege wanaokula mizoga walikuwa wanakufa kwa sumu.

Sasa toa hiyo video kwa simu uilete mtaani. Hapa hakuna anayeyeyusha risasi kwa ajili ya Martini-Henry. Anayeyusha kwa ajili ya doh. Betri kuukuu ya gari inavunjwa kwa nyundo, asidi inamwagwa kwa mtaro, sahani za ndani zinatupwa kwa karai lililo juu ya moto. Kinachotoka kinauzwa kwa kilo, au kinakuwa chubwi za nyavu za wavuvi. Hakuna glavu, na kipimo cha damu ndiyo kabisa, hakijulikani. Hata hao wapenzi wa bunduki za kale huonyana wasiguse risasi ya betri, kwa sababu ina machafu mengine yanayoweza kutoa gesi ya sumu. Yaani kile ambacho mzee wa hobi anakikataa, ndicho kijana wa jua kali anapewa kama kazi.

Na usiniambie natisha watu bure, kwa sababu tumeshaona mwisho wa hii hadithi. Thiaroye-sur-Mer, pale Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Watu walikuwa wanachekecha mchanga mahali betri zilikuwa zikivunjwa, wanatafuta vipande vya risasi vya kuuza. Mchanga wenyewe ulikuwa umegeuka sumu.

Kwetu kuna Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukutani mwa mtaa, moshi na maji machafu yakaenda kwa majumba ya watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo. Mtoto wake aliugua, akapimwa, akapatikana na risasi mwilini. Mama huyo hakunyamaza. Alikamatwa, akatishwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu Zaidi ikairudisha. Hesabu mwenyewe. Kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa chekechea alikuwa ameshafika umri wa sekondari, na mifupa yake haikungoja hukumu.

Ndiyo maana hizo video zinanisumbua. Zinaonyesha kazi ya sumu kama kitu cha kutuliza akili, na kijana wa miaka kumi na sita akiona, anachukua jambo moja tu: kumbe ni rahisi. Na ni kweli, ni rahisi. Urahisi ndio mtego wenyewe. Kitu kigumu kingekufukuza mapema.

Sisemi wazee wa Marekani waache hobi yao. Mimi si polisi wao. Nasema sisi tuache kuiona risasi kama hatari pale tu inapokuwa imetoka kwa mtutu. Mlio wa bunduki ukisikika mtaani, sote tunalala chini. Karai la risasi likiwashwa nyuma ya nyumba, tunapita tukisalimia.

Kwa hivyo, mambo machache ya kufanya wiki hii. Kama kwenu kuna betri imekufa, usimpe mtu wa kuivunja kwa nyundo. Uliza mahali uliponunua kama wanachukua ya zamani, kwa sababu maduka mengi yanaipunguzia bei mpya. Kama ndugu yako anafanya kazi ya betri, mwambie anawe na abadilishe nguo kabla ya kumshika mtoto, na usimwambie kwa dharau, maana ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Kama kuna mahali wanayeyusha karibu na shule au bomba la maji, piga picha ya mahali, si ya sura za watu, ukapeleke malalamiko NEMA na kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Mkiwa kumi ni bora kuliko ukiwa peke yako. Na mtoto aliyeishi karibu na moshi huo apelekwe hospitali, mzazi aseme wazi, "Nataka apimwe madini ya risasi kwenye damu." Usipoitaja, daktari anaweza kutibu tumbo na kichwa mwaka mzima bila kugundua.

Na ukiendelea kutazama zile video, sawa, tazama. Ni kazi safi ya mikono. Ila ukiona ile metali inang'aa, ujue ni ileile iliyokuwa kwa damu ya watoto wa Owino Uhuru.