Mashine za Vyombo Vyetu Zitazamwe

Wananchi wengi wanaoishi katika visiwa vidogo vidogo vya Unguja na Pemba hawana barabara ila bahari. Mgonjwa wa Tumbatu na mwanafunzi wa Kojani wote hutegemea mashine ya boti. Kwa hiyo mashine inapokufa katikati ya mkondo, hilo si jambo la nahodha peke yake. Ni jambo la umma.

Mara nyingi husemwa kwamba mashine imejamu kwa bahati mbaya. Sisi hatuafikiani na kauli hiyo. Karibu kila kitu kigumu hutanuka kipatapo joto, lakini si vyote vitanukavyo sawa. Pistoni ya aluminiamu yenye upana wa milimita 100, joto lake likiongezeka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, hutanuka kwa milimita 0.23 hivi, na silinda ya chuma inayoizunguka hutanuka kwa nusu tu ya kiasi hicho. Nafasi iliyoachwa baina yao ni nyembamba mno. Joto likipita kiasi nafasi hiyo hutoweka, oili huwa nyepesi na utando wake hukatika, na pistoni husuguana na silinda mpaka zikashikamana. Hapo hata nahodha hodari hana la kufanya.

Chanzo chake chajulikana. Pampu ya maji ina mapezi ya mpira, na mapezi hayo huliwa na mchanga chombo kinapoendeshwa penye maji machache. Maji ya chumvi yakipata moto sana huacha magamba katika mifereji ya mashine, na magamba hayo huzuia joto lisitoke. Wako pia wanaoimwagia maji baridi mashine iliyowaka moto. Kufanya hivyo huweza kuipasua, kwani upande mmoja husinyaa ilhali wa pili ungali umetanuka.

Twawanasihi wenye vyombo waisuuze mashine kwa maji matamu kila warudipo, wakitazame kijito cha maji kitokacho mashineni kila safari, na wabadilishe mpira wa pampu kabla haujachakaa.

Lakini mzigo huu usiachiwe wavuvi na manahodha peke yao. Tunaiomba Serikali ihakikishe kwamba ukaguzi wa vyombo hauishii kwenye idadi ya abiria na jaketi za kuokolea, bali unafika mpaka kwenye pampu. Vipuri vya namna hii navyo vipatikane karibu na madiko, kwa bei ambayo mvuvi ataimudu, na vijana wa visiwani wafunzwe ufundi huo huko huko kwao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha mpira ni kitu duni mbele ya thamani ya mashine, na mashine nayo ni duni mbele ya roho za watu. Wahusika wasingoje msiba ndipo waunde tume.