Mtoto Aliyefiwa na Paka, na Bustani ya Nyuma ya Nyumba

Katika kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti huletwa kwetu mambo mengi ambayo si hesabu za michango wala ratiba za darsa. Mwaka huu tumeulizwa zaidi ya mara moja na wazazi wa watoto wadogo: mtoto amefiwa na paka wake, hali wala halali, je, kumwacha alie ni kumdekeza? Wengine huuliza kwa aibu, kwani wamekwisha kuambiwa na wakubwa wa nyumba kwamba kumlilia mnyama ni upungufu wa imani.

Jibu letu huanzia Madina, nyumbani kwa Ummu Sulaym. Anas bin Malik (Radhi za Allah zimshukie) alikuwa na mdogo wake kwa mama, Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kidege cha kucheza nacho. Kidege kikafa. Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) alipoingia akamwona mtoto amejaa huzuni. Akauliza ana nini, akaelezwa. Ndipo akamwita kwa jina la ubaba, kama aitwavyo mtu mzima, na kumuuliza habari za kidege chake. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia kwamba kile kilikuwa kidege tu. Imamu Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 4 Hijria, alikiandikia kisa hiki kifupi kitabu chake maalumu, akatoa humo faida 60. Sisi inatutosha moja: mbora wa viumbe alikuwa na nafasi ya kuketi na huzuni ya mtoto. Mzazi anayekosa nafasi hiyo ana shughuli gani kubwa zaidi?

Swali gumu hufuata baadaye, nalo huulizwa na mtoto mwenyewe: nitamkuta Peponi? Hapa tunawasihi wazazi wenzetu wasiahidi wasichoahidiwa. Qur'ani, katika Suratul An'am, imetufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Wanachuoni wengi wameeleza kwamba baada ya kulipizana haki zao watageuzwa udongo. Mtoto wa miaka saba haimlazimu kubebeshwa ufafanuzi huo wote. Anaweza kuambiwa kwamba paka wake amerejea kwa Aliyemuumba, Asiyemdhulumu kiumbe yeyote, na kwamba Peponi mna kila kinachotamaniwa na nafsi. Tukifika hapo, tunanyamaza.

Ama mazishi, mnyama haoshwi, havikwi sanda, wala haswaliwi. Huchimbiwa shimo la kina cha kutosha, mbali na kisima, ili mbwa wasimfukue na harufu isiwaudhi majirani. Kumtupa jalalani mbele ya macho ya mtoto aliyekuwa akilala naye ni ukatili usio na sababu.

Katika nyumba moja jirani na msikiti wetu, paka alikufa kwa kula panya aliyekula sumu. Baba alikwisha kushika mfuko wa kutupia taka. Bibi mzaa baba akamzuia. Wakamzika nyuma ya nyumba, na kesho yake bibi akampa mjukuu wake jembe la mkono, wakalima tuta la mchicha hatua chache kutoka pale, na pembeni wakachomeka vitawi vya mrehani. Binti akauliza iwapo bustani ile yaweza kuwa sadaka ya paka wake. Bibi, ambaye hakusoma chuo chochote, alimjibu vizuri kuliko ambavyo tungemjibu sisi: paka hana dhambi ya kufutiwa, thawabu ni yako wewe unayepanda, lakini wapo wanyama wengine wenye njaa. Ndivyo ilivyo katika Hadithi iliyomo katika Sahihi mbili, kwamba Muislamu akipanda, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, yote huandikwa kuwa sadaka yake.

Mbegu za mchicha huchomoza kwa siku nne au tano, na hilo nalo ni darsa. Mara nyingi Qur'ani imetutajia ardhi iliyokufa, ikateremshiwa maji ikatikisika na kuota, kuwa dalili ya kufufuliwa wafu. Sisi tumeihifadhi aya hiyo madrasa tukiwa na kalamu mkononi. Binti yule ameiona akiwa na udongo chini ya kucha, hatua chache tu kutoka kwenye kaburi.

Kisha wakaja kuku wa jirani, wakachakura tuta lote kwa asubuhi moja. Binti akalia upya. Bibi akamkumbusha kwamba kuku nao ni ndege, na kwamba sadaka imekwisha kupokelewa mapema kuliko ilivyotazamiwa. (Mwenye kuku tumezungumza naye kando. Thawabu ya aliyeliwa mazao haimpi mwingine ruhusa ya kuachia mifugo yake.)

Baba yake naye alituuliza kuhusu samadi ya mbuzi, iwapo mboga zitanajisika. Hazinajisiki, mazao yaliyostawi kwa samadi ni tohara, na jani lililoguswa nayo huoshwa. Samadi iachwe ioze vizuri kwanza, maana mbichi huunguza miche.

Tuta limepandwa mara ya pili, safari hii likiwa limezungushiwa makuti. Mrehani haukuguswa na kuku. Kila jioni baada ya Alasiri binti huumwagilia kwa maji ya kuoshea mchele, na ameacha upenyo kwenye makuti, mdogo usiopitisha kuku, ili ndege wadogo waingie.