Usiongeze spidi, tuonyeshe vidole

Nitasema hii na najua kuna wasee watanuna: kama umeongeza spidi kwa video yako ya kuzungusha kadi, hiyo si kadistri. Simu ndiyo imefanya kazi, vidole vilikuwa vinaisindikiza tu.

Kwa wale hawajui, kadistri ni kukata na kupindua kadi zote 52 kwa madoido. Unazigawanya mafungu matatu, manne, matano, kila fungu linazunguka kivyake, halafu zote zinarudi kuwa moja. Hakuna mshindi, hakuna pesa, na hakuna siri. Hapo kwa siri ndipo nataka tukae kidogo.

Mfanya kiinimacho anakula kwa kuficha. Ni kweli mchezo wetu umezaliwa nyumbani kwake: Sybil, ule mkato ambao karibu kila mtu anataka kuujua, ni wa Chris Kenner, mfanya kiinimacho wa Marekani, na ulitoka kwa kitabu chake cha mwaka wa 1992. Baadaye mapacha Dan na Dave Buck wakatoa DVD zao, The Trilogy, mwaka wa 2007, na vijana wengi wakaanza kushika kadi bila haja ya kumdanganya mtu. Unachoona ndicho kinachofanyika.

Na huku kwetu hilo lina maana zaidi. Mkenya akiona kijana anapindua kadi kwa mkono mmoja, kitu cha kwanza kinamjia ni pata potea. Kadi tatu juu ya katoni, jamaa wawili wanajifanya wameshinda kumbe ni wa genge, na mama ametoka sokoni anaacha hapo pesa ya unga. Ukionekana na kadi kwa mfuko, watu washakuhesabu mkora. Mama yangu hadi leo huniambia nisitoe "hizo vitu" wageni wakiwa sebuleni. Sasa sisi tunaojitetea kwamba hatudanganyi mtu, tunaenda kuongeza spidi na kukata pale kadi zilianguka? Tofauti yetu na jamaa wa katoni iko wapi?

Anayeumia ni yule anajifunza. Kuzungusha fungu ni kazi ya kupima nguvu. Unalibana katikati, gumba juu, kidole cha kati chini, kisha cha shahada kinasukuma pembe ndio lizunguke. Ukibana sana, halisongi. Ukilegeza, kadi za juu zinaenda, za chini zinabaki, fungu linafunguka kama feni. Na hapa wengi tunaanza na zile kadi za plastiki za dukani, zinateleza kama sabuni. Hicho kipimo cha katikati huwezi kukiona kwa video iliyokimbizwa. Mtoto wa kidato cha pili anaangalia, anajaribu kufuata mwendo huo, anaangusha mara mia, anaamua hana kipaji. Kumbe hata wewe mwenyewe huo mwendo huuwezi.

Wengine wananiambia video za polepole hazipati watazamaji. Sawa, bando ni ghali, watu hawana subira, naelewa. Lakini angalia Charlier, ule mkato wa mkono mmoja wa kuanzia. Nusu ya chini inashuka kiganjani, kidole cha shahada kinaiinua mpaka karibu na gumba, ile ya juu inateleza na kulala chini yake. Ukifanywa safi, kwa mwendo wake wa kawaida, unapendeza kuliko mazungusho matano ambayo jicho haliwezi kufuata. Mimi ningeuangalia siku nzima, lakini mimi ni mimi.

Siongei kuhusu muziki, taa ama mahali umeweka kamera. Washa hata moshi ukitaka. Lakini anza kadi zikiwa nzima mkononi, maliza zikiwa nzima mkononi, na katikati ya hapo usiguse kitu. Kama ilikuchukua majaribio arobaini, andika hapo chini ni arobaini. Yule wa kidato cha pili atajua yuko wapi.

Mwenye ako na Sybil ya mwendo wa kawaida anitumie niiposti. Hata kama kadi saba ziko sakafuni.