Msimamizi wa Kura na Aliyemteua

Kwa sheria ya mwaka 1985, Mkurugenzi wa Halmashauri, hapa Bagamoyo kama kwingineko, ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi. Naye huteuliwa na Rais. Mwezi wa Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo lapingana na Katiba. Mwezi wa Oktoba Mahakama ya Rufani ikalirudisha. Wapo wasemao kwamba kiapo cha kujitoa katika chama chatosha. Sisi hatuoni hivyo. Kura zikiisha kuhesabiwa, mtu hurejea mezani pake, na aliyemteua yu pale pale. Nasi makarani tulioandika hesabu vituoni tulikuwa chini ya Mkurugenzi huyo huyo. Twaomba Tume ipewe watumishi wake yenyewe wilayani, wasioweza kuhamishwa wala kuondoshwa ila nayo.