Mota ya Lori Dogo: Mlima Kwanza, Namba Baadaye

Vijana wengi wa sekondari wanaounda malori madogo yanayoongozwa kwa redio huanza kazi yao mahali isipostahili kuanzia. Kabla hawajapima uzito wa lori lenyewe, wala kujua litapita njia gani, wamekwisha kuchagua mota. Na mota hiyo wameichagua kwa namba moja tu iliyoandikwa ubavuni mwake, ile inayofuatwa na herufi Kv. Aliye na 4000 humcheka aliye na 2000. Dhana hii ni potofu, na gharama yake si ndogo, kwani mota isiyo na brashi pamoja na kidhibiti mwendo chake huweza kumeza fedha zote ambazo klabu ya sayansi imezichanga kwa muhula mzima.

Kwanza ieleweke kwamba Kv hapa si kilovolti, kama wanafunzi wa fizikia wawezavyo kudhani. Ni idadi ya mizunguko ambayo mota hutimiza kwa dakika moja kwa kila volti inayopewa, ikiwa haijafungwa mzigo wowote. Mota ya Kv 3000 ikipewa volti 7.4, yaani betri ya lithiamu yenye seli mbili, itazunguka mara 22,200 kwa dakika ikiwa huru mezani. Namba hiyo haisemi mota ina nguvu kiasi gani, kama vile urefu wa hatua ya mtu usivyosema anaweza kubeba magunia mangapi.

Michael Faraday alionyesha mwaka 1821 kwamba waya wenye mkondo wa umeme huweza kuzunguka karibu na sumaku, na kwa zaidi ya karne moja mota za mkondo mnyoofu zilitegemea vipande vya kaboni, yaani brashi, vilivyosugua shaba ili kugeuza mkondo kwa wakati wake. Mwaka 1962 T. G. Wilson na P. H. Trickey, huko Marekani, walieleza mashine ambayo kazi hiyo ya kugeuza mkondo hufanywa na vifaa vya kielektroni. Sumaku za neodimi zilizopatikana katika miaka ya 1980 ndizo zilizowezesha mota hizo kuwa ndogo na zenye nguvu kubwa. Ndani yake mambo yamepinduliwa: mizinguo ya waya imetulia, sumaku ndizo zinazozunguka, na kidhibiti hupeleka mkondo kwa zamu katika nyaya tatu.

Sasa lije jambo lenyewe. Kani ya kuzungusha ambayo mota huitoa kwa kila amperi moja hupatikana kwa kugawanya 9.55 kwa Kv. Kwa hiyo mota ya Kv 2000 hutoa nyutoni-mita 0.0048 hivi kwa kila amperi, na ile ya Kv 3000 hutoa 0.0032 tu. Hapo ndipo wengine hukurupuka kusema kwamba Kv kubwa ni mota dhaifu. Huo nao ni ukweli nusu, na umewapotosha hata wazoefu. Mota yenye Kv kubwa imesukwa kwa mizinguo michache ya waya mnene zaidi, na ukinzani wake hupungua kwa kipeo cha pili cha namba hiyo. Mota mbili za umbo moja, zikitakiwa kutoa kani ile ile ya kuzungusha, hupata joto lile lile katika shaba yake, hata kama moja inavuta amperi nyingi zaidi. Kinachoamua uwezo wa kubeba mzigo ni wingi wa chuma, shaba na sumaku, yaani ukubwa wa mota. Ndiyo maana namba inayostahili kusomwa kwanza ni ile ya umbo: 3650, kwa mfano, huwa na maana ya kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 50. Cha ajabu ni kwamba namba hii ndiyo inayorukwa.

Na ichukuliwe mfano wa lori la kilo 3, lenye magurudumu ya kipenyo cha sentimita 11, linalotakiwa kwenda mita 10 kwa sekunde. Uzito wake ni nyutoni 29.4. Likipanda mwinamo wa nyuzi 30, kani inayolivuta chini ni nusu ya hiyo, nyutoni 14.7, msuguano ukiachwa kando. Kwa kuwa nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.055, magurudumu yanahitaji kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 0.81. Hesabu hii haivuki kiwango cha kidato cha tatu, na inahitaji mizani, rula na kipande cha karatasi.

Mwendo wa mita 10 kwa sekunde huyafanya magurudumu hayo yazunguke mara 1,740 hivi kwa dakika. Tukikadiria kwamba mota yenye mzigo hubaki na asilimia 85 ya mizunguko yake ya bure, mota ya Kv 2000 kwa volti 7.4 itahitaji gia ya uwiano wa 7.2, na ile ya Kv 3000 uwiano wa 10.8. Uwiano huu wa pili hupatikana, kwa mfano, kwa gia kubwa ya meno 54 na ndogo ya meno 15, kisha difu inayopunguza mwendo mara tatu. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba mota zote mbili, kila moja kwa gia yake, zitavuta takriban amperi 23.5 kupanda mlima ule. Hakuna iliyoishinda nyenzake. Lakini mota ya Kv 3000 ikifungwa kwa gia ya 7.2, kwa sababu tu gia hiyo ndiyo iliyokuwamo, mkondo utapanda hadi amperi 35. Mota yenyewe itapata joto sawa na lile la mota ya Kv 2000 kwa gia hiyo hiyo; watakaoumia ni betri, nyaya na kidhibiti, kwa kuwa joto lao huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, yaani mara 2 na robo. Vidhibiti vingi vinavyoungua, na kulaumiwa kuwa ni bidhaa duni, huungua kwa sababu ya meno machache ya gia.

Iko njia nyingine, na kwa lori zito ndiyo bora. Betri ya seli tatu hutoa volti 11.1, mota ya Kv 2000 kwa volti hizo huzunguka 22,200, sawa kabisa na ile ya 3000 kwa seli mbili. Ikifungwa gia ya 10.8, itapanda mlima ule kwa amperi 16 hivi. Nguvu ni ile ile, lakini joto katika nyaya na kidhibiti limeshuka chini ya nusu. Ni kanuni ile ile inayofanya umeme wa gridi usafirishwe kwa volteji kubwa, na mwalimu anayetafuta mfano wa kuushika mkononi hana haja ya kuutafuta mbali.

Watakuwapo wasemao kwamba hesabu zote hizi ni mzigo bure. Kwamba fundi hujaribu gia, hugusa mota kwa kidole, akabadilisha ikiwa imechemka. Kujaribu ni lazima, na hakuna hesabu inayojua mchanga wa uwanja wa shule ulivyo. Hata hivyo jaribio huwa rahisi kwa mtu aliye jirani na duka lenye gia za kila idadi ya meno. Klabu inayoagiza vifaa na kungoja majuma kadhaa haiwezi kumudu makosa matatu mfululizo. Isitoshe, sumaku za kawaida za neodimi huanza kupoteza nguvu zake joto linapofika karibu nyuzi 80 za Sentigredi, na nguvu iliyopotea namna hiyo hairudi mota ikipoa. Kidole kinaweza kufika kikiwa kimechelewa.

Kuhusu vihisi, maneno machache yanatosha. Mota isiyo na vihisi hutambuliwa mahali ilipo rota kwa volteji ambayo mota yenyewe huizalisha inapozunguka; ikiwa imesimama, hakuna volteji ya kutambua. Gari la mashindano halijali hayo. Lori lililobeba mzigo na kutakiwa kuondoka polepole juu ya jiwe litagugumia na kutetemeka. Kwa kazi hiyo vihisi vya Hall ni lazima, au basi itumike mota ya zamani yenye brashi, ambayo haistahili dharau inayopewa: ni ya bei nafuu, kidhibiti chake ni rahisi, na hujiondoa taratibu bila taabu.

Walimu nao wana sehemu yao. Klabu isiidhinishiwe fedha ya mota mpaka karatasi moja iwe imejazwa: uzito wa lori, kipenyo cha gurudumu, mlima mkali kuliko yote linaotarajiwa kupanda, seli za betri, meno ya gia, na amperi zilizopatikana kwa hesabu. Kidhibiti kichaguliwe kiwe na nafasi ya kutosha juu ya amperi hizo. Fedha ikibaki, inunue gia ndogo mbili za akiba, moja yenye meno mawili zaidi na nyingine mawili pungufu. Na kabla ya yote, feni mbovu ya kompyuta itolewe stoo na kufunguliwa mbele ya darasa, maana hiyo nayo ni mota isiyo na brashi: pete ya sumaku iko kwenye mapanga, mizinguo ya waya iko katikati, na kihisi cha Hall kimekaa pembeni, kidogo kuliko punje ya mchele.