Paa si Posho

Katika mitaa ya miji yetu zimekuwapo ndoa zilizokwisha bila mtu kuondoka. Mume na mke wameachana, ama kwa talaka ama kwa kutosemezana tu, nao wangali chini ya paa lile lile. Mmoja amehamia chumba cha mbele, mwingine amebaki cha uani. Ukumbi ni mmoja, choo ni kimoja, na umeme wa luku hununuliwa na yule aliyeshindwa kuvumilia giza. Hatuwalaumu kwa kukaa hivyo. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na mfanyakazi wa kima cha chini hana ubavu wa kuendesha makazi mawili. Wengine nyumba waliijenga pamoja, tofali kwa tofali, na kila mmoja anahofia kwamba akitoka hatarudi.

Tunalolilalamikia ni hesabu inayopigwa na baadhi ya akina baba. Husema: "Nimewaweka ndani, nidaiwe matunzo gani tena?" Na mama akipeleka shauri kwa wakubwa wa mtaa huambiwa, nyinyi mnakaa pamoja, nendeni mkapatane. Basi mtoto ndiye anayegeuzwa tarishi. Hutumwa kugonga mlango wa baba yake kuomba fedha ya daftari, hurudishwa na maneno makali, naye huyafikisha kwa mama yake kama alivyoyapokea.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiijui hesabu hiyo. Kifungu cha 129 kinamwajibisha mwanamume kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine, nacho kinataja malazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake. Mambo hayo ni manne. Aliyetoa paa ametoa moja. (Ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, lakini viatu, sare na madaftari bado vyanunuliwa.) Kifungu kinachofuata kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru malipo wakati wowote, ikiwa baba amekataa au amepuuza kumtunza mtoto ipasavyo. Hakisemi kwamba talaka itangulie, wala kwamba mmoja awe amekwisha kuhama. Kiongozi anayemrudisha mama nyumbani kwa hoja ya paa moja anatunga sheria yake mwenyewe.

Lakini baba naye asionewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha za mahali anapokaa mtoto. Mama mwenye mshahara ana fungu lake, na baba anayelipia nyumba nzima na kuleta unga hastahili kudaiwa mara ya pili kile alichokwisha kutoa. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoifuta ile ya zamani, ambayo kwayo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alipangiwa si zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, fedha isiyonunua hata mkate.

Liko pia suala la misaada. Ruzuku ya TASAF hutolewa kwa kaya, na nyumba yenye majiko mawili yaweza kuandikwa kaya moja, fedha ikapokewa na mtu mmoja. Ikiwa mpokeaji siye anayempikia mtoto, fedha hiyo huishia chumba kingine. Wanaoandikisha kaya waulize mtoto anakula chungu gani, waache kuhesabu milango. Vivyo hivyo kadi ya bima ya mtoto, hata iwe imetokana na makato ya mshahara wa baba, mahali pake ni kwa yule anayeamka usiku mtoto akishikwa na homa.

Twawataka ndugu zetu mabalozi wa mashina, wanapoitwa kuamua magomvi haya, wasiishie kuwapatanisha watu kwa kupeana mikono. Waandike karatasi: baba atatoa kiasi gani na tarehe ipi, nayo ifuate siku ya mshahara, mama atatoa nini, kodi na luku zitahesabiwaje. Wazazi wote wawili watie sahihi, na nakala moja ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii. Atakayeshindwa kutimiza, karatasi hiyo itamtangulia mahakamani.